Diski Zilizopakwa Mafuta ya Nguruwe

Kila jioni ya mwezi wa Julai, Radojka alifunga tela nyuma ya gari lake kuukuu na kupanga masanduku ya rasiberi. Rasiberi ni tunda laini. Ukilichelewesha saa chache linatoa maji, na hakuna anayelitaka. Kwa hiyo kabla jua halijazama, mzigo lazima ufike kwenye ghala la baridi kule bondeni.

Barabara ya kwenda bondeni ina kona saba. Upande mmoja ni mlima. Upande wa pili ni korongo, na chini kabisa ni mto.

Mume wake, Milorad, alikuwa Austria akijenga nyumba za watu. Nyumbani walibaki watatu: Radojka, baba mkwe wake mzee Svetozar, na mjukuu wa Radojka wa miaka sita, Dunja. Dunja hakukubali kuachwa. Kila jioni alipanda kiti cha nyuma, akafungwa mkanda, akala rasiberi mpaka kidevu kikawa chekundu.

Siku moja, kwenye kona ya pili, Radojka alikanyaga breki akasikia sauti. Krrrr!

"Bibi, gari linasaga meno," alisema Dunja.

"Linasaga kweli, mjukuu wangu."

Aliteremka polepole kwa gia ndogo mpaka chini.

Kesho yake, Jumapili, mzee Svetozar alipiga jeki na kuvua gurudumu la mbele.

"Pedi zimekwisha," alisema. "Na diski imechimbika. Tazama mifereji hii."

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi ni vipande viwili vinavyoibana, kimoja huku na kimoja huku. Zikibana vizuri, gari linasimama. Zisipobana, halisimami.

"Basi kesho niende dukani mjini," alisema Radojka.

"Dukani? Kwani stoo yangu imekufa?"

Mzee aliingia stoo, akatoka na vitu viwili vilivyofungwa kwenye gazeti la zamani. Zilikuwa diski mbili. Alizitoa kwenye gari la aina hiyohiyo la marehemu ndugu yake, miaka mingi iliyopita. Alikuwa amezipaka mafuta ya nguruwe, yale yale ya jikoni, ili zisiote kutu. Alijifunza hivyo miaka nchi yao ilipowekewa vikwazo vya biashara, wakati vipuri havikupatikana hata kwa dawa. Tangu hapo hakuwahi kutupa chuma.

"Ona zinavyong'aa!" alisema. Akazifuta kwa kitambaa mara mbili tatu. "Chuma ni chuma, mwanangu."

Wakati huohuo aliingia Obrad, akiwa na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, mkono mmoja na mfuko wa plastiki mkono wa pili. Obrad alikuwa kum wao. Kum ndiye aliyesimamia ndoa ya Radojka, na ndiye aliyemshika Dunja siku ya ubatizo. Kwao husema: Mungu mbinguni, kum duniani. Kum hakataliwi.

"Nimesikia mna shida ya breki," alisema Obrad. "Nimewaletea pedi. Nimezipata mnadani. Zawadi yangu!"

Pedi zilikuwa nyeusi, bila boksi, bila maandishi yoyote.

Juu ya uzio kilichomoza kichwa cha jirani yao, Vidosava. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini kwenye kituo cha kukagua magari.

"Svetozar, hizo diski umezipima?"

"Nimezipima kwa macho."

"Macho gani? Hayo yaliyomkaribisha mbuzi wangu kahawa juzi?"

Obrad aliangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Wewe si umestaafu? Pumzika, mama!"

"Nitapumzika. Na hizo pedi, boksi lake liko wapi?"

Hapo kicheko cha Obrad kilikatika. Wote wakamtazama Radojka, kwa kuwa gari ni lake na usukani ni wake. Radojka alijua Vidosava hasemi ovyo. Lakini atamkatalia vipi kum? Atamwaibisha vipi baba mkwe mbele ya mgeni? Jamani, aibu ni kitu kibaya. Inamfunga mtu mdomo wakati anapouhitaji.

"Nitachemsha kahawa," alisema, akaingia ndani.

Jioni diski na pedi zilikuwa zimefungwa. Mzee aliliendesha gari uani, likasimama. Akapiga makofi.

Jumatatu jioni Radojka alipanga masanduku arobaini kwenye tela. Dunja alipanda nyuma. Wakaondoka.

Kona ya kwanza, breki zilishika kidogo. Kona ya pili, Radojka alikanyaga zaidi. Gari likasita, likaendelea. Kisha akasikia harufu.

"Bibi, nani anakaanga nyama?"

Haikuwa nyama. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yanaungua kwenye diski. Moshi mweupe ukapanda kutoka magurudumu ya mbele.

Radojka alikanyaga kwa nguvu zake zote. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini gari halikusikia. Uzito wa tela uliwasukuma kwa nyuma. Kona ya tatu aliikata kwa taabu, tairi moja likigusa kokoto za ukingoni. Chini aliona mto.

"Dunja! Shika mkanda! Usiuachie!"

"Bibi, polepole!"

"Shika mkanda nimesema!"

Akatoa gia ya tatu, akaingiza ya pili. Injini ilinguruma kama inalia. Mwendo ukapungua kidogo. Akaanza kuvuta breki ya mkono, kidogo, akaachia, akavuta tena. Aliogopa kuivuta yote kwa mara moja, gari lisije likazunguka. Kona ya nne ilikuwa mbele, na hiyo ndiyo kali kuliko zote. Alijua hawataipita.

Kabla ya kona palikuwa na njia ya matrekta, inayopanda kulia kwenye shamba la nyasi la Vidosava. Radojka akakata usukani. Tela likayumba, masanduku yakaruka. Gari likapanda, likapanda, likapunguza, likaingia kwenye lundo la nyasi kavu na kuzimika.

Kimya.

"Dunja?"

"Niko hapa, bibi. Rasiberi zimemwagika."

Radojka alimtoa mtoto, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo Radojka alisikia la mkuu, na nusura avunjike yeye na mjukuu wake.

Vidosava alikuja mbio na uma wa nyasi mkononi. Mzee Svetozar alifika baada yake kwa trekta, amepauka.

"Mtoto mzima?" aliuliza.

"Mzima," alisema Radojka. Kisha akafuta machozi, akamtazama usoni. "Baba, jana niliona aibu kusema. Leo nasema. Diski zako zinatoka, na pedi za kum zinatoka. Mimi simpakii mtoto tena humu mpaka mama Vidosava aseme ndiyo."

Mzee alikwenda kuchukua jeki kwenye trekta.

Walisubiri magurudumu yapoe, wakavua moja. Vidosava alitoa kipimo chake cha chuma.

"Njoo usome mwenyewe, Svetozar. Ukingoni mwa diski pameandikwa nini?"

"Ishirini."

"Huo ndio mwisho wake. Ikiwa nyembamba chini ya milimita ishirini, haifai. Sasa pima."

Mzee alipima. Akapima tena.

"Kumi na nane," alisema kwa sauti ndogo.

"Diski nyembamba inapata joto haraka, na inaweza kupasuka. Haya, gusa pedi. Inateleza, siyo? Imekunywa mafuta. Pedi ikinywa mafuta haioshwi wala haianikwi. Inatupwa."

Mzee alilivuta gari polepole hadi nyumbani kwa trekta, wakavua pedi zote. Jioni hiyohiyo Radojka alikwenda kwa kum Obrad. Hakuketi. Aliweka zile pedi nne mezani.

"Kum, zawadi yako nimeirudisha."

Obrad alisimama, uso umemwiva. "Tangu lini kum anarudishiwa zawadi?"

"Tangu leo. Wewe ndiye uliyemshika Dunja ubatizoni. Leo alikuwa kiti cha nyuma breki zilipokataa."

Akamweleza yote. Obrad aliketi. Kisha akasema, "Radojka... nami nimefunga hizohizo. Kwenye gari langu."

Kesho yake aliliacha gari uani kwake. Alikuja kwa miguu, kilomita nne za mlima, kumwomba Vidosava ushauri. Mama yule hakumcheka. Alimwambia tu apande trekta, waende wote mjini.

Duka la vipuri lilijaa watu. Radojka aliinua diski yake ya zamani. "Nataka kama hii."

"Usinunue kwa kufananisha," alinong'ona Vidosava. "Toa kadi ya gari."

Muuzaji aliandika namba ya chasisi kwenye kompyuta. "Una bahati," alisema. "Gari la namna hii lina diski za aina mbili. Moja ina upana wa sentimita ishirini na sita, nyingine ishirini na nane. Kwa macho hutofautishi. Lako ni ishirini na sita. Nikupe moja?"

"Mbili," alisema Vidosava. "Kulia na kushoto hubadilishwa pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litavutwa upande huo ukikanyaga breki. Na pedi mpya zote nne. Pedi za zamani haziwekwi kwenye diski mpya."

Kisha akaligeuza boksi la pedi. "Radojka, unaona nini hapa?"

"Herufi E na namba, ndani ya duara. Halafu namba ndefu."

"Hiyo ni idhini. Maana yake pedi zimejaribiwa. Na kwenye pedi zenyewe?"

"Ipo pia."

"Basi lipa, mwanangu." Obrad, aliyekuwa nyuma yao, naye akatoa kadi ya gari lake.

Nyumbani mzee Svetozar alikuwa amenawa mikono mpaka viwikoni. Alifungua diski mpya, akaipitishia kidole, akaruka.

"Ahaa! Mbona na hii ina mafuta? Kumbe hata kiwandani wanapaka!"

"Wanapaka, ili isiote kutu njiani," alisema Vidosava. "Lakini wanakuambia uyasafishe kabla ya kufunga. Wewe yako uliyapangusa kama unapangusa meza."

Akampa dawa ya kupuliza ya kusafishia breki na kitambaa kipya. Mzee alisafisha kila upande mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Alisugua kutu mahali diski inapokaa. Pedi alizishika ukingoni tu. Walipomaliza, Radojka alikanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka ikawa ngumu. Vidosava akatazama mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Yalikuwa yamefika kipimo.

"Kilomita mia mbili za kwanza, kanyaga taratibu," alisema. "Pedi na diski zizoeane kwanza. Breki ya ghafla ni ya wakati wa hatari tu."

Radojka alifuata kama alivyoambiwa. Wiki nzima aliendesha barabara ya tambarare ya huko juu, bila tela na bila mtoto. Mzigo ulibebwa na trekta la mzee. Mwishoni Vidosava akapanda naye, akasikiliza, akasema ndiyo.

Jumatatu iliyofuata tela lilifungwa tena. Dunja alipanda nyuma. Mzee Svetozar akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nakwenda mnakokwenda nyinyi."

Kona ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Kwenye kona ya nne, ng'ombe wawili wa mtu walisimama katikati ya barabara, wanatafuna tu, hawana habari. Radojka alikanyaga. Gari liliinama mbele na kusimama. Bado nafasi ilibaki, hatua tano nzima. Hakuna moshi wala harufu.

Mzee alikuwa amefumba macho. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu.

"Baba," alisema Radojka, "ondoa mguu. Upande wako hakuna pedali."

Dunja alicheka mpaka rasiberi zikamtoka mdomoni. Mzee alifumbua macho. Akawatazama ng'ombe, kisha akageuka akamtazama mtoto.

"Ningewaua," alisema. "Kwa chuma cha bure."

Radojka alimshika mkono mpaka ng'ombe walipoondoka.

Walipofika nyumbani, mzee aliingia stoo. Alitoka na mtungi mzima wa mafuta ya nguruwe, akaupeleka jikoni, akauweka kando ya jiko.

"Haya," alisema. "Kaangia viazi."