Malai ya Maji ya Kisima

Wanu alipotoka skuli mchana, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuponda ndizi. Alivua viatu chini ya ngazi, akanawa mikono kwa sabuni, akamenya ndizi za kisukari zilizoiva mpaka maganda yakaingia madoadoa, kisha akaziponda kwa mwiko ndani ya bakuli. Hapo ndipo alipofunua chungu cha mtindi.

Mtindi ule aliutengeneza mama yake, Bi Time. Kila alfajiri Bi Time alipokea maziwa kwa muuzaji aliyekuja na baiskeli kutoka Chukwani. Aliyachemsha mpaka yakafura, akayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, akatia kijiko cha mtindi wa jana na kufunika kwa kawa. Kesho yake maziwa yalikuwa yameganda, mazito na meupe. Wanu aliuchanganya mtindi na ndizi, akauzimua kwa maji kidogo yaliyochemshwa, akaumimina katika vikombe vya kahawa na kusimamisha kijiti katika kila kimoja. Halafu alivishusha kwa sinia hadi chini kwa Bi Shemsa. Katika nyumba ile kubwa ya mawe pale Kiponda, waliishi watu wengi kuzunguka ua mmoja, lakini friji alikuwa nayo Bi Shemsa peke yake.

Malai yale, yaani barafu ya mtindi ya kulamba kwenye kijiti, yalianza kwa ajili ya Hasan, mdogo wake Wanu. Hasan alikuwa na umri wa miaka minne. Alipopona surua alibaki mwembamba, mbavu zikihesabika, na kila akipewa uji aligeuza uso. Kitu cha baridi tu ndicho alichokitaka. Siku hizo sukari ilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha kabla ya kumfikia Bi Time. Ndipo alipopata wazo la mtindi na ndizi.

"Sukari ya nini?" alisema. "Ndizi ina utamu wake, na mtindi utamjenga."

Hasan akala, akaomba tena. Mashavu yake yakaanza kujaa. Baada ya hapo watoto wengine wa nyumba nao wakawa wanasubiri kila alasiri mlangoni kwa Bi Shemsa.

Mwaka ule masika yalikuja kwa nguvu. Mvua ilinyesha mchana na usiku, ua ukajaa maji, na mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba ukafurika. Maji ya bomba yalipungua yakawa kama uzi, kisha yakakatika kabisa. Watu wa nyumba wakarudi kuteka katika kisima cha zamani kilichokuwa uani. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai iliyopauka, na yakiachwa kwenye ndoo, tope jembamba lilituama chini.

Maradhi yalianza kimya kimya. Skuli, Wanu aliona nafasi tupu katika benchi la mbele, siku ya pili nafasi nyengine nyuma yake. Mwalimu alipoita majina, hakuna aliyeuliza kwa nini fulani hakuitika. Mitaani watu walisema ni kuhara na kutapika. Kisha asubuhi moja Wanu alimwona Mzee Jecha, muuza mkaa wa pembeni mwa kichochoro, akipita mbele ya nyumba yao. Alibeba mikononi kitu kilichofungwa shuka nyeupe, na wanaume walimfuata polepole. Kilikuwa kidogo mno, hata hakikuhitaji jeneza.

Bi Time alimvuta Wanu ndani akafunga mlango.

"Mtoto yule alikuwa umri sawa na Hasan," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikiliza, mwanangu. Kuanzia leo, tone la maji lisipite midomoni mwenu halijachemka. Kila magharibi utateleka sufuria kubwa, na yakishapoa utayatia mtungini. Umefahamu?"

"Naam, mama."

Wanu alifanya hivyo jioni nyingi. Lakini siku moja mvua ilikatika ghafla, jua likachomoza, na wenzake wakamwita kichochoroni kucheza nage. Walicheza mpaka giza likaingia. Aliporudi alikuwa amechoka, akala, akalala.

Kesho yake mchana alipoinamisha mtungi, hayakutoka hata maji ya kujaza kikombe. Hasan alikuwa ameshashika nguo yake. Mlangoni walisimama Mjaka, mjukuu wa Bi Shemsa, na Tabia wa nyumba ya jirani.

"Wanu, malai!" Tabia alisema. "Leo umechelewa."

Wanu alilitazama jiko. Awashe, angoje maji yachemke, angoje yapoe. Malai hayangewahi kuganda siku ile. Karibu na mlango ilikuwa ndoo ya maji ya kisima. Yalikuwa yametulia, na juu yalionekana safi. Akajiambia, "Si yatakwenda kuwa barafu? Mdudu gani atakayeishi ndani ya barafu?" Akachota kwa kikombe, taratibu, asilitibue tope la chini, akamimina katika bakuli.

Alasiri watoto walikula. Hasan alilamba kijiti chake mpaka kikawa cheupe. "Leo matamu kuliko jana," alisema Mjaka. Wanu mwenyewe hakula, maana vikombe viwili vilivyobaki viliwekwa akiba ya kesho, lakini alikuwa ameshalamba mwiko.

Asubuhi Hasan alitapika. Alitapika tena kabla Bi Time hajamaliza kumfuta, kisha akaanza kuhara. Ilipofika saa nne macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Hakulia. Wanu angependa alie. Kutoka chini ilisikika sauti ya Bi Shemsa akimbembeleza Mjaka, naye akitapika.

Wanu alikaa pembeni akilisikiliza tumbo lake mwenyewe. Aliukumbuka ule mwiko alioulamba.

"Jana alikula nini?" Bi Time aliuliza.

"Wali. Na samaki. Na malai."

"Maji ya malai uliyatoa wapi?"

Wanu alitazama sakafu. "Mtungini."

Bi Time alivuta pumzi. "Basi si humo. Alhamdulillahi, angalau kitu kimoja katika nyumba hii ni salama." Akatoka hadi kwenye ngazi na kuita, "Bi Shemsa! Malai yamebaki kwenye friji? Maji yake yalichemshwa. Mpe Mjaka, mtindi hutuliza tumbo. Na mimi naja kumchukulia Hasan."

Wanu alitaka kusema. Alisikia miguu ya mama yake ikishuka, akasikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa, kisha miguu ikipanda tena. Bi Time aliingia na kikombe kimoja. Akachomoa malai, akamwinua Hasan kichwa kwa mkono wa kushoto.

"Haya, baba. Lamba kidogo. Kitu chako unachokipenda."

Hasan alifumbua mdomo.

"Mama, usimpe!" Wanu alipiga kelele, akarukia mkono wa mama yake. Malai yakaanguka sakafuni. "Usimpe! Ni maji ya kisima! Mtungi ulikuwa mtupu, sikuchemsha. Nimekudanganya!"

Bi Time alimtazama. Wanu alingoja kofi, na lau lingekuja angelipokea. Lakini mama yake alikwishageuka, akakimbilia kwenye ngazi.

"Bi Shemsa! Usimpe! Usimpe Mjaka!"

Bi Shemsa alitokeza uani, uso wake umeinuliwa juu, na mkononi ameshika kijiti kitupu.

"Nshampa," alisema. "Amemaliza yote."

Abrahman, jirani yao, alikuwa dereva wa teksi. Alileta gari mpaka mwanzo wa kichochoro, maana ndani halikuweza kupita, na watoto wawili wakabebwa hadi pale. Kabla ya kupanda, Bi Time alimshika Wanu bega.

"Tabia naye alikula?"

"Naam."

"Basi nenda kwao sasa hivi. Mwambie mama yake kila kitu, kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze hata neno."

Wanu alikwenda hadi nyumba ya jirani. Tabia alikuwa amelala kwenye mkeka, magoti ameyakunja tumboni. Mama yake alikuwa akimpa maji kutoka katika ndoo ya kisima. Wanu alisema yote. Mama yule alimwaga maji, akamfunga Tabia kanga mgongoni na kutoka mbio kuelekea hospitali, Wanu akimfuata.

Hospitalini Daktari Duni aliwatia Hasan na Mjaka maji ya mshipani. Tabia aliweza kunywa, akapewa maji yaliyotiwa chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Mtoto mwengine wa mtaa uleule alikuwa amelazwa kitanda cha pili, na hakuna aliyejua alikula nini. Bi Time alipoeleza habari ya kisima, daktari aliweka kalamu chini.

"Maji yale huteka nani?" aliuliza.

"Nyumba yetu, na nyumba zote za jirani."

Daktari alimwita muuguzi, akamtuma kwa watu wa afya mara ile ile. Kisha alimgeukia Wanu.

"Ulidhani barafu itawaua vijidudu?"

Wanu alitikisa kichwa kukubali.

"Wengi hudhani hivyo. Baridi haiwaui, huwalaza usingizi tu. Wakiingia tumboni penye joto, huamka. Moto ndio unaowaua. Maji yatokote hasa, si kupata moshi tu."

Jioni ile watu wa afya walikuja Kiponda. Waliuchimbua ukingo wa mtaro uliofurika, wakauona ufa uliokuwa ukipeleka maji machafu kisimani. Kisima kikafungwa kwa mbao, na gari la maji likawa linaleta maji mtaani hadi bomba liliporudi.

Tabia alitoka hospitali kesho yake, na Hasan alimfuata siku chache baadaye, amekonda tena kama alipougua surua. Mjaka, aliyekula mara mbili, alibaki. Kuna siku Bi Shemsa aliporudi kubadilisha nguo hakumsalimia mtu, na nyumba nzima ikazungumza kwa kunong'ona. Wanu alikuwa akisimama juu ya ngazi akitazama mlango wake uliofungwa, asithubutu kushuka.

Hatimaye Mjaka alirudishwa, amebebwa mgongoni, kichwa chake kikubwa juu ya shingo nyembamba. Lakini alikuwa akiomba chakula.

"Shuka ukamwone Bi Shemsa," Bi Time alimwambia Wanu. "Peke yako."

Wanu alishuka. Bi Shemsa alikuwa ameketi kwenye kigoda, akimlisha mjukuu wake uji.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

Bi Shemsa alimpa Mjaka kijiko kimoja cha uji, kisha cha pili.

"Marahaba," alijibu mwisho. "Kaa."

Wanu alikaa chini. Machozi yalimtoka kabla hajapata la kusema. "Nisamehe, bibi."

Bi Shemsa aliweka kijiko ndani ya bakuli. "Nikwambie jambo, mjukuu wangu. Malai ya kwanza ulimpa wewe. Ulifanya uvivu, lakini hukujua kuwa barafu haiui maradhi. Hilo nilikusamehe siku ileile. Ya pili nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu, huku nikimwambia ale apone. Nilimpa kwa sababu wewe ulishajua, ukanyamaza. Hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi."

Wanu alifunika uso kwa viganja.

"Ondoa mikono, unitazame. Hasan hakula ya pili, kwa sababu ulisema. Kisima kimefungwa kwa sababu ulisema, na watoto wangapi wa mtaa huu wamepona kwa hilo, hatutajua. Kila mtu hukosea. Lakini ukikosea katika chakula cha watu, sema palepale, hata kama utapigwa, hata kama utaona haya. Haya hupita. Mtoto akishazikwa, harudi."

Akamfuta Mjaka mdomo, akamkabidhi Wanu bakuli la uji.

"Haya, mlishe mwenzako. Mikono umenawa?"

Wanu alitazama viganja vyake. "Bado, bibi."

"Vyema," alisema Bi Shemsa. "Sasa umesema kweli bila kungoja. Kanawe, kisha uje."