Geti la Mti Mkavu

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma bati la trela waliyoishi, Nerida Tully aliwasha redio ya mawasiliano, akamketisha mdogo wake Clem juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja mwalimu aite majina. Mwalimu alikuwa mjini, safari ya siku nzima kutoka hapo. Wanafunzi wake walitawanyika kwenye ranchi za ng'ombe, huyu kaskazini, yule jangwani, na walijuana kwa sauti tu.

"Nerida Tully," mwalimu aliita, "uko wapi wiki hii, binti yangu?"

"Tarrabine, mwalimu."

"Bado Tarrabine? Vizuri. Basi penseli yangu imepata kupumzika."

Wenzake walicheka redioni. Mwalimu alikuwa na ramani ukutani, na kila mara familia ya Tully ilipohama, aliifuta alama yao ya penseli na kuichora kwingine. Nerida alicheka pia, lakini moyoni alikuwa anaomba alama hiyo isifutwe tena.

Baba yake, Royce, alikuwa fundi wa pampu za upepo na nyaya za uzio. Mama yake, Verna, aliwapikia wafanyakazi. Kazi ikiisha waliifunga trela nyuma ya lori, wakaondoka. Kila walipofika, Mama alipanda maboga nyuma ya jiko, na kila mara waliondoka maboga yakiwa madogo kama ngumi. Maboga ya Verna Tully yameliwa na watu wengi asiowajua. Yeye mwenyewe hakuwahi kupika hata moja.

Tarrabine ilikuwa na kitu ambacho ranchi nyingine hazikuwa nacho. Kando ya jiko kuu ilisimama nyumba ndogo ya mbao, tupu, yenye baraza na geti dogo la chuma. Mama alikuwa akipita hapo na beseni la nguo, anapunguza mwendo, anachungulia dirishani, kisha anaendelea na safari yake. Nerida aliona.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, ule mwezi ambao mbingu hukusanya mawingu bila kutoa hata tone, Mama alifunga nyama baridi na mkate katika kitambaa.

"Mpelekee baba yako kwenye pampu ya kaskazini. Endesha polepole."

"Kwani lini nimekimbiza gari, Mama?"

"Muulize yule kuku uliyemkanyaga."

Nerida alikuwa na miaka kumi na miwili, na alianza kuendesha pikapu akiwa bado anakalia mto ili aone mbele. Huko watoto wote wa ranchi huendesha. Asiyejua huonekana mvivu.

Katikati ya njia palikuwa na geti la Mti Mkavu. Alilikuta wazi kabisa, limesukumwa nyuma hadi kwenye uzio na kufungwa kwa waya. Akapita. Baba alikuwa juu ya mnara wa pampu, uso mweusi kwa grisi. Akashuka, akala, akamshika binti yake pua kwa vidole vyenye grisi, akapanda tena.

Wakati wa kurudi, Nerida alisimamisha gari mbele ya lile geti. Akalitazama.

Alikuwa anaikumbuka Wandoola, ranchi waliyotoka. Kule geti liliachwa wazi na mtu asiyejulikana, mafahali wakaingia kwenye mitamba, na msimamizi hakuuliza wala hakuchunguza. Alimwendea Baba mbele ya watu wote akamtukana, na kabla chai ya asubuhi haijapoa, trela ilikuwa imeshafungwa kwenye lori. Nerida hakumsahau baba yake siku ile, jinsi alivyovaa kofia yake taratibu, akaenda kufunga trela. Na aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

"Hapa hatutafukuzwa kwa sababu ya geti," alijisemea.

Akaufungua ule waya, akaliburura geti, akafunga mnyororo, akauvuta kuhakikisha umeshika. Akarudi nyumbani akiimba. Jioni Baba alirudi kwa njia ya nje, akikagua uzio, kwa hiyo hakupita pale. Nerida hakumwambia mtu. Jema halitangazwi, alifikiri.

Jumapili watu wote wa ranchi walikula chakula cha mchana pamoja katika jiko kuu. Joto lilikuwa la kuwafanya mbwa wajichimbie mashimo. Mkuu wa meza alikuwa Bwana Haddon Pryke, mwenye ranchi, mzee mrefu wa maneno machache ambaye wakati wote alikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni. Kando yake aliketi Dot, mama mchunga ng'ombe, aliyezaliwa katika nchi ile ile kama bibi zake wote. Dot alikuwa hodari wa farasi na hodari zaidi wa utani.

"Verna," alisema Dot, "huu mchuzi wako nikiukosa wiki moja nitakonda."

"Ukikonda tutakuonaje?" Baba aliuliza. "Leo tu kivuli chako kimetusitiri sote." Watu wakacheka, Dot mwenyewe mbele yao.

Bwana Pryke aliitoa njiti mdomoni. Wote wakamgeukia, maana hilo halikutokea kila siku.

"Royce, ile nyumba ya mbao ni tupu. Kazi hapa haiishi. Kama wewe na Verna mnaitaka, hamieni. Si kwa msimu. Mkae."

Mama aliweka mwiko chini. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga, akageuka haraka kana kwamba kuna kitu kinaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua.

Nerida alijisikia mwepesi mpaka miguuni. Ndipo Bwana Pryke akaongeza, akirudisha njiti mdomoni:

"Kesho uanze na pampu ya kitalu cha mashariki, imekufa kabisa. Ng'ombe wa kule hawana maji yao. Wiki nzima wanapita geti la Mti Mkavu kuja kunywa upande huu. Nililifunga wazi kwa waya mimi mwenyewe."

Nerida aliweka mkate wake chini.

Jana mchana. Usiku kucha. Leo asubuhi. Ng'ombe wa kitalu kizima, na ndama wao, katika jua hili, na kati yao na maji ule mnyororo alioufunga kwa mkono wake na kuuvuta kuhakikisha.

Alitoka nje bila kuaga. Alienda moja kwa moja kwenye pikapu. Nitakwenda kufungua, nirudi, hakuna atakayejua, alifikiri. Akakuta boneti imeinuliwa. Baba alikuwa ameing'oa rejeta asubuhi ile ili aizibe. Kwa miguu haiwezekani. Farasi walikuwa malishoni. Akabaki amesimama, jua likimpiga utosini.

Basi mawazo yakaanza kumbembeleza, kama yanavyombembeleza kila mtu mwenye kosa. Kesho asubuhi Baba atapita pale. Atakuta limefungwa, atalifungua. Hatajua ni nani aliyelifunga. Na ukisema leo, nyumba imekwenda. Utamnyang'anya Mama nyumba kwa mdomo wako.

Alirudi jikoni. Watu walikuwa wametawanyika. Mama alikuwa anaosha vyombo na kuimba, jambo ambalo Nerida hakulisikia tangu Wandoola. Mlangoni Clem aliingia mbio, mwekundu kwa jua.

"Maji, Nerida! Nakufa!"

Alimpa kikombe. Clem alikishika kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, maji yakimchuruzika kidevuni mpaka kifuani. Alipomaliza, alikinyoosha kikombe. "Tena."

Nerida alimtazama yule mtoto akinywa mara ya pili, na kitu ndani yake kikakatika. Akaanza kulia.

Mama aliacha kuimba. "Nini, mwanangu?"

"Geti la Mti Mkavu. Nililifunga jana. Nilidhani mtu kalisahau. Nilidhani watatufukuza tena."

Nerida aliona macho ya Mama yakienda dirishani, kwenye ile nyumba ya mbao, kisha yakarudi. Akafuta mikono yake kwenye aproni, akamshika binti yake mashavu.

"Twende kwa Bwana Pryke. Utamwambia mwenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Na nyumba je?"

"Nyumba ni mbao na misumari. Twende, kila dakika ng'ombe wanaungua."

Bwana Pryke alikuwa amejinyoosha barazani, kofia usoni. Nerida alisema yote kwa pumzi moja, akiogopa kwamba akisimama hataweza kuendelea. Mzee aliinuka. Hakufoka, hakuuliza mara mbili. Aliitema ile njiti.

"Dot! Royce! Lori!"

Waliwaona kabla hawajafika. Ng'ombe walikuwa wamejibana kwenye geti, safu kwa safu, ndimi nje, wakilia kwa sauti iliyokauka. Baadhi ya ndama walikuwa wamelala. Nerida alitaka kuziba masikio, lakini akaona haya, akasikiliza.

Dot aliendesha lori akalisimamisha mbele, kati ya geti na mabirika ya maji. "Wakilipuka kwa pamoja watakanyaga watoto wao," alisema. "Nitawabana wapite wachache wachache."

"Njoo, Nerida," alisema Bwana Pryke. "Umelifunga wewe, utalifungua wewe. Baba yako atashika nawe. Mnyororo ukitoka, rudini na geti, mkae nyuma yake."

Mnyororo ulikuwa wa moto kama chungu jikoni. Nerida aliufungua. Geti likasukumwa na uzito wa ng'ombe, yeye na Baba wakarudi nalo hadi kwenye uzio, na ng'ombe wakaanza kupita mbele ya pua zao, vumbi juu, kwato chini, Dot akipiga honi na kuwaita, "Taratibu, bibi zangu, yapo ya kutosha!"

Vumbi lilipotulia, ndama mmoja alibaki chini. Nerida alipiga magoti. Baba alikimbia, akaja na maji kwenye kofia yake. Nerida alichovya vidole, akavitia mdomoni mwa ndama. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ulimi mkavu ulimgusa. Kisha ndama akaanza kunyonya vidole vyake, kwa udhaifu, halafu kwa nguvu.

"Ameshika, Baba."

"Nimeona." Baba aliketi vumbini kando yake. "Nami jana asubuhi nilipita hapa, nikaliona wazi, nikaliacha. Nilijua lina sababu, ila sikukwambia. Na ya Wandoola niliyameza peke yangu, nikidhani nakulinda. Kumbe nilikuachia woga. Nisamehe."

Nerida alimwegemea begani, vidole bado mdomoni mwa ndama, mpaka mama yake ndama aliporudi kutoka birikani akimtafuta.

Ng'ombe mmoja hakuinuka. Alikuwa mzee, mwenye pembe iliyovunjika. Bwana Pryke alisimama juu yake na kofia mkononi. Nerida alimwendea.

"Samahani, Bwana Pryke. Niko tayari kufukuzwa. Lakini mimi, si wazazi wangu."

Mzee aliinama, akaigusa ile pembe iliyovunjika.

"Nilimlea huyu kwa chupa," alisema. "Inaniuma, siwezi kukudanganya. Sasa nisikilize. Geti unaliacha kama ulivyolikuta. Likiwa wazi lina sababu, likiwa limefungwa lina sababu. Kama huijui, uliza. Kuuliza si ujinga. Hilo ni kosa lako, na limemgharimu ng'ombe huyu maisha yake. Lakini ungenyamaza hadi kesho, ningezika kitalu kizima, na ningemshuku Dot, au baba yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umesema, ukijua kuna nyumba ya kupoteza. Mimi nimeajiri watu wazima wengi ambao wasingesema."

Alivaa kofia. "Sifukuzi watu wa namna hiyo. Hao nawatafuta."

Jua lilikuwa linapungua waliporudi. Mama alikuwa anangoja njiani, Clem mgongoni. Dot alimwambia kwa mkono tu kutoka dirishani, kidole gumba juu, na Mama akakaa chini pale pale barabarani akacheka huku akilia.

Walikwenda kuitazama nyumba wote wanne. Nerida alitangulia. Geti dogo la chuma lilikuwa nusu wazi, limepinda kwa kutu. Alilishika, kisha akasita.

"Mama, tumelikuta hivi. Tuliacheje?"

Mama alimwekea mkono kichwani, juu ya vumbi na chumvi ya jasho.

"Magetini kwa watu, mwanangu, uliza kwanza. Ukikosea, sema mapema, hata kama mdomo unatetemeka. Hilo ulishike maisha yako yote. Ila hili ni letu. Amua mwenyewe."

Nerida alifikiri kidogo. Kisha akalisukuma hadi mwisho, akaliacha wazi, akaenda kumwonyesha mama yake mahali ambapo maboga yangepata kivuli.