Benchi la Nyuma

"Mchungaji, unawapaka mafuta waende kuua?"

Kanisa zima likanigeukia. Mbele ya Mchungaji vijana wenye magwanda mapya walikuwa wamepiga magoti, wa kwanza mwanawe mwenyewe.

"Wanakwenda kulinda nyumba zetu. Kaa chini!"

"Na mimi nilikuwa nalinda nini?"

Nilikuwa askari kabla sijampenda binti wa Mchungaji. Mzee huyo huyo akasema aliyeshika bunduki hashiriki meza ya Bwana wala hafungishwi ndoa mpaka akae benchi la nyuma mwaka mzima, akitubu. Nikaacha jeshi, nikawa fundi wa kuchomelea mageti, nikakaa. Watoto wananichungulia. Mapenzi bwana! Harusi ilikuwa imekaribia, vita vikaingia.

Simu ikatetemeka. Mchumba wangu, kutoka kwenye kwaya: "Unamwaibisha baba. Toka nje, nakuja."

Nikatoka, naye akanifuata.

"Nenda nao. Wewe vita unavijua, utamwangalia mdogo wangu."

"Si wewe uliyeniambia Kristo alikataa upanga?"

"Nilisema kabla hawajatuvamia!"

"Kwa hiyo Kristo naye amebadili mawazo?"

"Usinikejeli! Mdogo wangu akifa wewe unachomelea mageti, nitakutazamaje?"

"Na huko ng'ambo ya mpaka, kwa maadui, leo si Jumapili? Nao wamepigishwa magoti. Nikimuua mdogo wa mwenzio je?"

Akalia. Nilitamani kumkumbatia, mikono ikagoma.

"Unanipenda?" nikamuuliza.

"Nakupenda. Ila siolewi na mwoga."

Akavua pete, akanitilia mfukoni mwa shati, akarudi kuimba. Niliumia, jamani. Kesho yake kazini nililia kama mtoto, karakana nzima ikanisikia.

Lakini Jumapili sikuacha kwenda. Benchi langu lilikuwa palepale.

Vita vilipopoa, mdogo wake akarudi mzima. Kanisa likalipuka kwa vigelegele, Mchungaji akafungua mikono madhabahuni.

"Shujaa wetu, pita mbele!"

Kijana hakupita. Alikuja mpaka nyuma, macho yamemtoka, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, sogea."

"Mimi si shemeji yako tena."

"Najua. Sogea tu. Alikuwa amevaa msalaba, yule niliyempiga risasi."

Nikasogea, akaketi.

Mchungaji akaita tena. Dada mtu alituangalia kutoka kwenye kwaya, mdomo wazi, wimbo umempotea. Safari hii hakuna aliyetuambia tutubu.