Kofia Isiyo na Kichwa

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na wewe mwenye redio, izime, haitakufa. Hadithi hii haitaki kelele. Na nani kaweka kofia pale msumarini? Iondoe. Ikalie, ivalishe goti, fanya utakavyo, lakini kwenye msumari ule hakitundikwi kitu. Haya. Kimya sasa.

Zamani askari hakuwa na kantini. Alikuwa na njaa na uzio wa waya, basi. Jeshi lilimpa mkate na maharage. Akitaka sabuni, wembe, uzi wa kushonea kifungo au bahasha ya kumwandikia mkewe, ilibidi awaite wachuuzi wa nje ya geti, na wachuuzi wale walikuwa kupe wa miguu miwili. Mche wa sabuni waliukata vipande, kila kipande wakakiuza kwa bei ya mche mzima. Chai walichemsha majani ya jana. Askari ananung'unika, lakini aende wapi?

Akaja mjane mmoja na birika lake jeusi. Chai yake ilikuwa chai, na sabuni yake haikukatwa. Vikombe alivipitisha kwenye tundu la uzio, na askari walivinywa wakiwa wamechuchumaa. Mkuu wa kambi, mtu wa tumbo na kicheko, akawakuta hivyo.

"Mama," akasema, "askari wangu wananyoosha shingo kwenye waya kama mbuzi wa mnadani. Ingia ndani na birika lako, tujue moja."

Alianza na hema. Hema likawa dogo, wakampa jengo la mawe mwisho wa uwanja wa gwaride, lililoachwa na jeshi lililokuwepo kabla yao na kufungwa miaka mingi. Akafagia popo, akapaka chokaa, akapanga rafu za rangi ya viatu, biskuti na sindano, akawasha jiko. Ndiyo ikawa kantini, na yeye akawa Mama Birika.

Mapema tu alipohamia, kapteni mmoja alipita mbele ya foleni nzima akachukua mkate wa mwisho, na mkate ule ulikuwa wa askari aliyetoka lindo, macho mekundu kama pilipili. Mama Birika hakupiga kelele. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, akamvua kapteni kofia, akaenda kuitundika kwenye msumari wa mlangoni.

"Cheo chako kikungoje pale, baba. Humu ndani mna wenye njaa tu. Rudi nyuma."

Mkuu wa kambi, ambaye naye alikuwa kwenye foleni, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaivua ya kwake akaitundika pembeni. Ikawa sheria. Mlango mzima ukajaa misumari. Ukiingia kantini unaacha kofia, na humo hapigwi mtu saluti, awe nani. Askari waliipenda ile nyumba kuliko kwao, maana ndipo mahali pekee walipoitwa "mwanangu" badala ya namba.

Sasa, huyu mama alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa askari humo humo. Wenzake walimwita Masihara. Huyo angeweza kuichekesha maiti ikaomba jeneza lishushwe kwanza ipanguse machozi. Lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Mama alimlea kwa kidole: ukipokea kitu kwa mkono wa kushoto, hukipati, unakila kwa macho.

Basi, mambo yalianza hivi. Mchana, foleni inaisha, kila mtu anachukua kofia yake, inabaki moja. Kofia ya kizamani, ukingo mgumu, alama yake imefutika. Tena imelowa, na nje jua linapasua mawe. Inanuka sufu mbichi na mafuta ya bunduki.

"Ya nani hii?"

Mama Birika akaianika uani. Kesho yake iko msumarini, inadondosha maji, tap, tap, juu ya sakafu aliyoideki mwenyewe.

"Hata shukrani haina," akasema, akaiweka ndoo chini yake.

Mchana mmoja Masihara akaingia na wenzake, kofia bado kichwani, akaiona ile iliyolowa.

"Jamani, mkubwa gani huyu asiye na kichwa?" akasema. "Au ndivyo wakubwa wote walivyo, sisi tu hatujawavua tukaona?"

Wakacheka, na kicheko kikampa kichaa. Akasimama wima, akagonganisha visigino, akaipigia ile kofia saluti safi ya gwaride.

Kah! Visigino vingine vikajibu.

Vilijibu nyuma ya mlango, kwenye ukuta mtupu. Kicheko kikakatika kama uzi. Ile tap, tap ikanyamaza, na kofia ikawa kavu.

"Mama," Masihara akanong'ona, "umesikia?"

"Nimesikia mjinga akifanya ujinga," mama yake akasema. "Vua kofia. Kunywa chai." Lakini chai aliyoimimina ikamwagikia kaunta.

Kuanzia hapo kantini ikawa si kantini. Mtu anapokea kikombe, anasikia sauti sikioni, kavu, kama ukucha juu ya bati: *Piga saluti.* Asipopiga, kikombe kinapasuka mkononi. Basi mmoja akapiga, kwa siri, kama anayejikuna paji la uso, na chai yake ikabaki salama, wa pili akaona akapiga, wa tatu akapiga, mpaka foleni nzima ikawa inajikuna mapaji, watu wazima, wenye wake na watoto, wakiiangalia sakafu kwa aibu. Na kwa kila saluti ile kofia msumarini ikawa mpya zaidi, ukingo ukaanza kung'aa, alama iliyofutika ikaanza kuota kama jino, na vile visigino vya buti vilivyojibu mwanzo nyuma ya mlango vikasogea, vikafika kwenye meza, vikafika kwenye kaunta, vikawa vinatembea nyuma ya foleni taratibu, kama afisa anayekagua vifungo.

Kisha asubuhi moja mkono wa kulia wa Masihara ukanyanyuka wenyewe, ukagota kwenye paji la uso, ukakwama.

Wanaume wenye misuli waliuvuta wakatoka jasho. Daktari wa kambi akauchoma sindano, sindano ikapinda. Akalala nao hivyo, akaamka nao hivyo. Mama yake akawa anamlisha kwa kijiko, mtoto mwenye ndevu, na mara moja alipojisahau akanyoosha wa kushoto kupokea maji, wote wawili waligeuza nyuso, wakalia kila mtu upande wake.

"Mama," akasema polepole, "ananiita."

"Nani?"

"Mwenye kofia. Anasema mimi ndiye askari wake wa kwanza. Leo bendera ikishushwa nimfuate."

"Akupeleke wapi?"

"Kule alikolowa."

Mama Birika alikiweka kijiko chini. Akajifunga kanga kiunoni, mafundo mawili. Akaenda kuagiza mganga.

Mganga alikuja na mkoba wake, mwembamba kama fito. Alifika mlangoni pa kantini, akachungulia, akarudisha mguu nje. Hata mkoba hakuufungua.

"Jini aliyeingia mwenyewe namtoa," akasema. "Huyu alikuwa humu zamani, ukutani, kama unyevu. Hana jina, hana cheo, hana nguvu ya kuzima kibatari. Cheo mmempa ninyi, tena kila mchana mnampandisha. Mimi si jenerali, nitamvuaje?"

"Kwa hiyo mwanangu aende?"

"Sijasema. Sheria ya nyumba hii unaijua kuliko mimi. Lakini ule mkono hakuna wa kumshushia. Aliyeuinua ndiye ataushusha." Akatazama birika. "Kuna chai? Niletee hapa nje."

Mkuu wa kambi naye alikuwa amekuja, kicheko chake kimekauka. "Mama, tufunge tu. Tupigilie mbao. Askari watanunua nje ya geti kama zamani."

"Nikifunga mlango, mkono wa mwanangu utafunguka?"

Mkuu akatikisa kichwa.

"Afande, ulinitoa kwenye waya ukaniweka hapa. Sirudi kwenye waya kwa ajili ya kofia. Niitie kikosi kizima. Waje kunywa chai."

Wakaja. Jua lilikuwa limeinama, bendera bado juu. Walitundika kofia zao bila kutazamana, wakapanga foleni, mkuu wa kambi katikati yao kama mtu yeyote. Masihara alisimama wa mwisho, mkono usoni, midomo imemkauka. Mama Birika alikuwa nyuma ya kaunta na mwiko wake mrefu wa mninga.

"Mikono nyuma," akasema. "Atakayejikuna paji leo, ale kwa mama yake mwingine. Anayefuata!"

Kikombe cha kwanza kikapasuka. Akajaza kingine. Kikapasuka. Akajaza kingine. "Vyungu huvunjika, chai haiishi," akasema. "Anayefuata!" Na buti zikaanza kutembea, si taratibu tena, kah, kah, kah, kutoka mlangoni mpaka kaunta na kaunta mpaka mlangoni, na ile sauti kavu ikawa haisemi tena sikioni mwa mtu mmoja bali inatoka kwenye mawe yenyewe ya ukuta, *pigeni, pigeni, pigeni*, rafu zikitikisika, makopo ya rangi ya viatu yakidondoka na kubingirika miguuni mwa askari waliosimama wakilia machozi mikono ikiwa nyuma, mmoja ameushika mkono wa mwenzake usije ukanyanyuka, na mkono wa mkuu wa kambi ukaanza kupanda, polepole, yeye mwenyewe akiutazama kama si wake, umepita kifua, umepita kidevu...

Paa! Mwiko ukatua kwenye vidole vyake.

"Chini!"

"Asante, mama," mkuu wa kambi akasema, akivifyonza vile vidole.

Mmoja akacheka. Kicheko cha woga, lakini kicheko. Na alama kwenye ile kofia ikafifia kidogo. Wote waliona.

"Na wewe," Mama Birika akaugeukia uwazi uliokuwa unanuka sufu mbichi mbele ya kaunta. Akamimina kikombe, akakisukuma. "Kofia yako iko pale. Humu huna cheo. Panga foleni unywe kama wenzako, au toka."

*Piga saluti, mwanamke.*

"Mimi mpishi. Mkono wangu una mwiko."

Nje tarumbeta ikalia. Bendera inashushwa. Hapo hapo Masihara akachomolewa kwenye foleni, kiwiko cha ule mkono uliokwama kimeshikwa na kitu, buti zake zikiburuza sakafuni kuelekea mlangoni, na pale alipoburuzwa sakafu ikawa inalowa. Askari wakataka kumrukia. Mama yake akawazuia kwa jicho. Akamimina kikombe cha mwisho, akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mlangoni, katikati, mwili mfupi ule.

"Mwanangu. Chai yako."

Masihara, meno yakigongana, akanyoosha wa kushoto.

Mama akakirudisha kikombe nyuma. "Nimekulea nikakufundisha kupokea kwa mkono gani?"

"Mama, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Mimi ndiye niliyekuzaa. Huyu kakuona juzi. Mkono gani?"

Mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Kidole kimoja kikabanduka kwenye paji la uso, kikaacha alama nyeupe. Halafu cha pili. Halafu mkono wote ukaja chini, taratibu, kama mlango wenye kutu, ukakishika kikombe. Kikombe hakikupasuka.

"Asante, mama."

"Kunywa."

Akanywa. Kofia ikaanguka msumarini, ikatapakaza maji yanayonuka, na kitu kikapita mlangoni kikikimbia, si kwa hatua za afisa. Hatua za kuruta aliyechelewa gwaride. Mama Birika akaiokota kwa ncha ya mwiko. Watu wakasema ichomwe, mganga huko nje akasema izikwe. Yeye akaichana vipande viwili, akasugulia masufuria mpaka ikaisha.

Sasa nawaambia nani alipata nini. Birika alipewa shangazi yenu wa kwanza, likatoboka, analipandia maua. Mwiko uko kwa mdogo wake, na mumewe anaujua. Kantini ilichukuliwa na kampuni, wakaweka rafu za vioo na mashine ya soda, misumari wakaing'oa, watu wanaingia na kofia zao, na nasikia jioni vile vioo hulia. Msumari mmoja niliuomba mimi, mkwe wa Mama Birika, ndio huo hapo ukutani, na utakaa mtupu mpaka nife. Na mkono ule alibaki nao babu yenu, huyo anayesinzia kwenye kiti chake. Mnadhani kwa nini wakati wa joto mnagombania kushikwa na wa kulia? Haujawahi kupata moto tena. Wala haujawahi kupiga saluti tena, hata mbele ya wakubwa waliomwamuru.

Nyie ambao sina cha kuwapa, rithini hili: siku mkisikia visigino vikigongana mlangoni, na mlangoni hakuna mtu, msiinue mkono. Mwambieni apange foleni.