Baba Hakusafiri

Saa moja kasoro robo asubuhi ya Alhamisi, kaunta ya kituo cha polisi ilikuwa na konstebo mmoja na kikombe kimoja cha chai. Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuzungumza, aliweka bakuli la chakula cha Baba juu ya kaunta. Mama ndiye aliyeuliza.

"Afande, leo atatoka?"

"Kesho, mama. Tunamhoji kidogo tu."

Jumatatu, Jumanne na Jumatano walijibiwa hivyo hivyo. Baba, fundi simu, alichukuliwa kibandani kwake Jumapili. Simu moja aliyoletewa kutengeneza ilidaiwa kuwa ya wizi.

Walipotoka nje, Mama alimkumbusha, "Shuleni sema amesafiri. Tukipiga kelele watamkomoa."

Darasani, mwenzake alimgeukia. "Simu yetu iko kwa baba'ko tangu wiki jana. Amekwenda kuitengenezea mwezini?" Wengine wakacheka. Chiriku aliinamia daftari lake.

Jioni alikuja Shangazi, dada yake Baba, karani wa mahakama. Naye alikuwa ameambiwa habari ya safari.

"Wifi, tangu lini fundi simu hapatikani kwenye simu?"

"Huko alikokwenda mtandao unasumbua," Mama alijibu bila kumtazama.

Chiriku alishindwa kuvumilia. "Hajasafiri, Shangazi. Yuko mahabusu tangu Jumapili."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Shangazi aliketi.

"Amefikishwa mahakamani?"

"Wanasema kesho," Chiriku alijibu.

"Anashtakiwa kwa kosa gani?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Polisi wanaweza kumkamata mtu wakamhoji," Shangazi alisema taratibu. "Lakini sheria yetu imewapa saa ishirini na nne. Zikipita, wampeleke kwa hakimu au wamwachie. Hiyo kesho yao haimo."

"Na wakikasirika, wifi?"

"Wakasirike."

Ijumaa asubuhi wakili aliyetafutwa na Shangazi alipeleka maombi mahakamani, na hakimu akaamuru Baba aletwe. Saa nane mchana aliingizwa, ndevu zimemjaa, ameshikilia suruali kwa mkono kwa kuwa mkanda ulichukuliwa.

"Ana shtaka gani?" hakimu aliuliza.

"Uchunguzi unaendelea, mheshimiwa," askari alijibu.

"Uendelee. Lakini hamwezi kumweka ndani bila mashtaka huku mnatafuta ushahidi. Aachiwe. Mkimhitaji, mwiteni."

Nje, Shangazi alimwinamia Chiriku. "Hakimu hakujua kaka yangu yuko ndani. Nani angemwambia, na sisi wenyewe tunasema amesafiri? Jambo kama hili halifichwi, mwanangu. Mtafute mtu mzima unayemwamini umweleze, hata kama unaogopa."

Mama alisikia, akaangalia chini.

Baba alikaa kwenye ngazi, akavaa viatu alivyorudishiwa. Kamba zikamshinda kufunga. Chiriku alipiga magoti akamfungia.