Nyamizi na Maji ya Mtaroni

Nyamizi alikuwa na miaka sita. Babu yake alikuwa na kidonda mguuni. Kidonda hakikupona.

Dawa ya kwanza ilishindwa. Ya pili ikashindwa.

"Bakteria wameizoea dawa," alisema Shangazi Kabula. Yeye alifanya kazi maabarani. "Lakini vipo virusi vinavyokula bakteria."

"Virusi si vibaya?" aliuliza Nyamizi.

"Vingine hutuumiza. Hivi havina habari na sisi. Vinamtaka bakteria tu."

Shangazi alikuwa na kisahani. Bakteria wa kidonda walitanda humo, weupe kama utando wa maziwa.

Wakaleta maji ya bomba, kutafuta virusi hivyo. Wakayachuja, wakayadondoshea kisahanini.

Tone, tone, tone.
Subiri, tuone.

Asubuhi, utando ulikuwa pale pale.

Wakaleta maji ya kisima.

Tone, tone, tone.
Subiri, tuone.

Utando pale pale!

Nyamizi akakaa mlangoni na Babu. Kuku walikuwa wakiparua. Paru, paru, paru!

"Babu, mbona wamejazana pale?"

"Ndipo penye mchwa, mjukuu wangu."

Nyamizi akawaza. Kisha akakimbia.

"Shangazi! Maji yetu ni safi mno! Virusi vitakula nini humo?"

Shangazi aliinuka haraka. Akachukua chupa na glavu.

Wakaenda kwenye mtaro wa maji machafu. Fyuu! Ulinuka!

"Simama huko huko, usiguse," alisema Shangazi. Akachota mwenyewe. Akachuja mara mbili.

Tone, tone, tone.
Subiri, tuone.

Asubuhi, utando ulikuwa na matundu! Madogo, ya duara, safi kabisa.

"Vimekula!" Nyamizi akaruka.

"Bado," alisema Shangazi. "Kwanza tuvijue vizuri."

Akavitazama kwa hadubini kubwa. Vilikuwa na kichwa, mkia, na miguu myembamba kama ya buibui. Akavipima siku nyingi. Nyamizi alichoka kungoja, lakini alingoja.

Ndipo daktari akamtibu Babu kwa virusi hivyo.

Tone, tone, tone.
Subiri, tuone.

Kidonda kikawa kama kifuniko cha soda. Kikawa kama punje ya hindi. Kikafunga.

Jioni moja, Nyamizi akiwa kitandani, alisikia hatua. Ta, ta, ta. Babu! Amekuja mwenyewe, kwa miguu yake!

Babu akamshushia chandarua.

"Babu, vile virusi viko wapi sasa?"

"Chakula chao kimeisha, mama. Navyo vimekwisha."

Nyamizi akainua kichwa.

"Hatukuviambia asante."

"Basi tuviambie," alisema Babu.

Wakasema pamoja, taratibu: "Asanteni."

Na Nyamizi akalala.