Ndoo ya Siki Kwenye Nyanya

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliamka na maneno tele na mikono mitupu. Kazi ya bustani ya nyanya alimwachia Kobe, binti wa marehemu mama yake mdogo. Kobe hakuwa mwepesi wa kujibu wala wa kwenda, lakini alichokishika hakikumponyoka.

Siku hiyo Kobe aliamka na homa.

"Leo utanyunyizia wewe," mama alimwambia Chiriku. "Bandani kuna ndoo mbili. Ya mwarobaini na kitunguu saumu ni dawa ya ukungu wa majani. Ya siki na maji ya mabua ya mtama ni ya kuulia magugu njiani. Nusa kwanza!"

"Mama, kile kitunguu kinanuka hadi nzi wanazimia!"

Mama alipotoka kwenda sokoni, Chiriku alijibana pua kwa kibanio cha nguo, akafunua ndoo iliyokuwa karibu, akajaza bomba na kunyunyizia matuta mbiombio kama anayezima moto. Aliporudi bandani akaiona ndoo ya kitunguu imejaa pomoni, haijaguswa. Kumbe amenyunyizia siki! Akafunga mlango, akafunga na mdomo.

Kesho yake nusu ya bustani ilikuwa imeungua, majani yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni.

"Ni Kobe," Chiriku akasema. "Aliniambia nimwachie. Kazidisha kitunguu."

"Mama mkubwa, mimi nilikuwa kitandani..."

"Homa ya uvivu!" mama alifoka. "Nyanya ndizo zinazokulisha, nawe unaziua? Ng'oa yote uliyounguza. Funga mzigo wako kwanza, na ukimaliza kung'oa urudi kwa baba yako wa kambo."

Kwa huyo baba wa kambo, Kobe alitoka na jino pungufu.

Aling'oa miche juani huku akitetemeka. Watoto wa jirani wakapanda ukutani: "Kobe muua nyanya! Beba gamba lako uende!" Chiriku akacheka nao, asije akashukiwa.

Mama, hasira zimemjaa, akavuta ndoo moja ili aokoe matuta yaliyobaki. Akaanza kuimimina bombani bila kunusa.

"Mama, si hiyo! Hiyo ndiyo iliyounguza!"

Mama akasimama. "Wewe si umesema ni kitunguu kilichozidi? Nani kakuambia ni ndoo hii?"

Chiriku akafumbua mdomo. Safari hii ukatoka ukweli: alijibana pua, hakunusa.

Mama akamburuta hadi chini ya ule ukuta, akayasema yote mbele ya watoto wale wale. Kicheko kikamhama Kobe, kikamrukia Chiriku.

"Dada, nisamehe," Chiriku alilia.

Kobe hakuinua kichwa. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. "Nimesikia," akasema, akang'oa mche mwingine.

Mama akaufungua mzigo wa Kobe na kurudisha nguo zake kabatini. Akanyunyizia dawa ya kitunguu, matuta yaliyosalia yapone ukungu.

"Mama, mbona hanisamehe?"

"Mwanangu, dawa ya kienyeji nayo ni dawa, huponya na huua, ndiyo maana tunanusa. Mimi nami nimemhukumu yatima bila kunusa, na aibu hiyo ni yangu. Kukosea ndoo ni ajali, nyanya tutapanda nyingine. Lakini kumtwisha mwenzio kosa lako ni ukatili, na msamaha haung'olewi kwa nguvu kama gugu. Shika jembe ukamsaidie. Na usiongee."